Bibi harusi wa bara akija Unguja, mwonyesheni mji

Dada zetu wa visiwani, na wote mnaosoma mkiwa jikoni, saluni au kitandani baada ya Isha.

Sisi ni mafundi cherehani wa Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Wengi wenu hamjafika kwetu. Ni juu, asubuhi kuna baridi, kuna mawe makubwa na mashamba ya alizeti, na bahari tunaijua zaidi kwa picha. Tunashona nguo za harusi za Waislamu na za Wakristo, maana kwetu tunaishi pamoja, na mama wa bibi harusi ni msumbufu kwa dini zote. Tunaandika haya kwa sababu ya jambo ambalo limetukera kwa miaka kadhaa sasa. Mabibi harusi wetu wanakuja kwenu kwa fungate, wanatumia hela yote ya mavuno, na wanarudi hawajaiona Zanzibar.

Mwaka juzi tulimshonea binti wa kijiji cha jirani. Gauni la lesi nyeupe la mikono mirefu, mtandio mwepesi, na abaya 2 za kuvaa fungate. Mumewe alikuwa ameuza alizeti ya msimu mzima na ng'ombe 2, na bado akakopa kwenye kikundi. Wakaenda Unguja usiku 3, hoteli moja ya ufukweni upande wa kaskazini. Aliporudi kutusalimia tukamuuliza, umeona nini mwanetu? Akatuonyesha simu. Picha ya bembea juu ya maji. Picha ya kitanda kilichomwagiwa maua. Picha ya chai na matunda kwenye sinia linaloelea ndani ya bwawa. Tukamuuliza, na Mji Mkongwe je? Akasema walipita na gari, usiku. Bwawa lenyewe hakuingia, kwa sababu wanaume na wanawake wanaoga pamoja na yeye hakuwa tayari kuvua ushungi. Ile picha ya sinia aliipiga amechuchumaa pembeni. Deni la kikundi walimaliza kulilipa mtoto akiwa na miezi 4.

Hatumlaumu yeye. Fungate ya zamani, kama bibi zetu wa pwani wanavyotueleza, zilikuwa siku 7 ndani ya nyumba, bibi harusi anafukizwa udi, anasingwa, analishwa, na somo yake yuko karibu. Leo watu wanataka kutoka, na kutoka si dhambi. Mume kumtembeza mkewe ni ihsani. Lakini kama mtu ameuza ng'ombe amtembeze, basi amtembeze kweli. Kumkalisha mwanamke wa Kiislamu pembeni ya bwawa asiloweza kuliingia, kwa bei ile, sisi tunaona ni kumdhulumu, hata kama hakuna aliyekusudia dhuluma.

Kwa hiyo tuliamua kwenda wenyewe. Tulikuwa wanne, na mume wa mmoja wetu pamoja na kaka wa mwingine wakatusindikiza. Tulikuwa na sababu ya biashara pia, tunataka vitambaa, lakini shabaha yetu kubwa ilikuwa tuweze kumwambia mteja: nenda hapa, acha pale. Basi mpaka Dodoma, kisha treni ya SGR, ambayo tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imewasaidia sana watu wa huku kwetu, kisha boti kutoka Dar es Salaam. Boti ni kama saa 2 hivi. Mmoja wetu alitapika saa zote 2, na tunamshauri kila bibi harusi asipande amekula supu.

Siku ya kwanza tulimchukua kijana wa kututembeza, aliyetupokea pale pale karibu na bandari. Alikuwa mpole. Akatupeleka kwenye nyumba inayohusishwa na Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 akaenda kupata umaarufu Uingereza. Hatuna neno naye, ila hatukuwa tumesafiri siku 2 kwa ajili yake. Akatupeleka duka la viungo, duka la mikufu, duka la picha za tingatinga. Kila duka tuliloingia, mwenye duka anamkonyeza. Akamsimamisha mdogo wetu mbele ya mlango wa nakshi akamwambia, "Dada, sogeza mtandio nyuma kidogo nywele zionekane, picha itoke vizuri." Yule mume wa mwenzetu akakohoa, na safari ya picha ikaishia hapo.

Ikaingia Alasiri. Adhana inalia kila upande, na hakuna kitu kizuri kama adhana za Mji Mkongwe zinavyopokezana kwenye vichochoro. Wanaume wetu 2 wakaingia msikitini. Sisi tukamuuliza kijana, wanawake wanaswali wapi? Akakuna kichwa. Akatupeleka msikiti wa pili, wa tatu. Misikiti mingi ya zamani ndani ya mji ni midogo na haikujengewa sehemu ya wanawake. Wenyeji hawahitaji, mwanamke wa mtaani anaswali kwake. Lakini mgeni hana kwake. Tukasimama kwenye baraza moja huko Malindi, wanawake wazima wanne, na udhu hatuna.

Mama mmoja akafungua mlango kumwaga maji. Akatutazama. Hakuuliza tunatoka wapi. Akasema, "Mnatafuta pa kusali? Piteni wanangu." Tukaingia. Nje ule ukuta umebanduka chokaa, ungedhani gofu, lakini ndani kuna ua, kuna kisima kilichozibwa, kuna mti wa asumini ndani ya pipa, na ngazi ya mbao inayopanda mpaka usiwaone wanaoshuka. Akatupa ndoo ya maji, akatandika mikeka 2. Tuliposalimu akaleta kahawa na visheti. Tulikaa mpaka karibu na Magharibi. Hicho ndicho kivutio cha kwanza tulichokiona Zanzibar, na hakimo kwenye karatasi ya mtu yeyote anayetembeza wageni.

Hapo ndipo tunapotaka kusema neno letu kwenu. Mji wenu uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Wageni wanaoingia ni wengi na wengi wao ni Waislamu: wa bara, wa Kenya, wa Comoro, wa Oman. Mnaweka vibao vya kuwaomba wageni wafunike mabega na magoti, na mnafanya vizuri. Wekeni na kibao kimoja kidogo: "Wanawake wanaswali hapa." Chumba kimoja kwa kila mtaa, ndoo, mkeka, kanga 2 safi. Gharama yake si kitu, na anayeswali hapo ataacha sadaka. Ya nini tusome kwenye matangazo kwamba Zanzibar ni kisiwa cha Kiislamu halafu Alasiri itukute barazani? Najua mtatuambia msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Ni kweli, na bibi harusi ajifunze hukumu zake kabla hajaondoka, hasa atakaa siku ngapi, maana kwa madhehebu yetu ya Shafi anayenuia kukaa siku 4 kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena. Lakini hata anayekusanya anahitaji pa kusimama.

Kesho yake binti wa yule mama ndiye aliyetutembeza. Si mtembezaji wa kazi, ni mwalimu wa madrasa. Kwa hiyo haya tunayowaambia ni mji kama tulivyouona kwa macho ya mwanamke.

Alianza na milango, akatukataza kupiga picha mpaka tujue tunachokitazama. Yenye kichwa cha upinde ni ya mtindo wa Kihindi, yenye kichwa kilichonyooka ni ya Kiarabu, na juu ya baadhi yake zimechongwa aya za Qur'an. Zile njumu za shaba ni mtindo uliotoka India. Tuliambiwa tutazame nakshi za miimo: samaki, minyororo, maua ya yungiyungi. Sisi kama mafundi tulikaa kwenye mlango mmoja muda mrefu kuliko alivyotarajia, kwa sababu ile nakshi ya kando ni tarizi kamili, ungeweza kuihamishia kwenye kifua cha abaya bila kubadili kitu. Tumeichora, na abaya 3 zimeshauzwa.

Akatupitisha Msikiti Mnara wa Malindi, wenye mnara uliochongoka kama koni, wa namna ambayo pwani yetu ni nadra. Tukautazama kwa nje tu. Akatupeleka upande wa bahari, kwenye Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Watu wa rika letu tulilisoma darasani. Sasa limezungushiwa uzio, kwa sababu sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na mafundi 2 wakafariki, Allah awarehemu. Mlango wa pili ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Ngome tulipita haraka. Ukuta ni ukuta.

Kilichotushika ni habari za Sayyida Salme. Watembezaji wanamsimulia kama hadithi ya mapenzi: binti wa Seyyid Said, akampenda Mjerumani, akatoroka 1866, akabadili dini. Sisi kama Waislamu hilo linatuuma na hatulipambi. Lakini yule mwalimu wa madrasa alitueleza kipande ambacho hatukuwahi kukisikia. Salme alizaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, na wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Qur'an lakini si kuandika. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa ndio ulikuwa ubao wao. Ameyaandika haya katika kitabu chake kilichotoka 1886. Tulimwambia, huyo ndiye wa kuonyeshwa bibi harusi: msichana mwenye mfupa. Bibi harusi wengi wa kwetu waliachishwa shule kidato cha pili au cha tatu. Mmoja wetu alikuwa hivyo, akarudi kumaliza baadaye, na cherehani akajifunza kwa miezi 6 na mtoto mgongoni. Tulisimama pale baharini tukamfikiria yule mtoto wa mfalme akiogopa kukamatwa na kalamu.

Mkunazini hatukutaka kwenda. Ni kanisa, na ni habari za utumwa, na mwenzetu mmoja aliona mkosi kumpeleka bibi harusi pale. Tukaenda. Soko la watumwa lilifungwa 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash, na kanisa la Kianglikana likajengwa juu ya kiwanja hicho. Nje kuna sanamu za watu 5 ndani ya shimo, wamefungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Kwenu visiwani labda mmezizoea. Kwetu sisi ni jambo jingine. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilikatiza Ugogo, ikapita Kilimatinde, ambayo leo imo ndani ya mkoa wetu wa Singida, ikaendelea Tabora na Ujiji. Waliofika sokoni wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa na wengine Manyema, lakini bara ndiko kwetu, na nyuso zile zinafanana na za wajomba zetu. Yule mwalimu hakuongeza neno. Hakututetea wala hakujitetea, alisimama tu kando akitusubiri, na tulimheshimu kwa hilo. Tunaona bibi harusi apelekwe. Hana ulazima wa kuingia kanisani. Asimame kwenye lile shimo dakika 5, ajue kwamba waliozikwa kwenye kisiwa hiki cha fungate yake ni pamoja na watu wa kwao.

Na kutoka hapo aende Darajani moja kwa moja, ni karibu, na ndiko ilikoendelea habari. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamevishwa merikani na kaniki, nguo za kitumwa, waliziacha. Wakavaa kanga za rangi, na baadaye baibui, wakatembea barabarani kama waungwana wengine. Kanga kwetu Kinampanda ni ya kubebea mtoto na kufungia kuni. Tulipoambiwa hivyo tukiwa katikati ya Mchangani, doti zimening'inia juu ya vichwa vyetu, tulinyamaza. Nguo ile ilikuwa ndiyo cheti chao cha uhuru. Basi bibi harusi anunue doti moja, aichague mwenyewe, asome jina lake taratibu kabla ya kulipa, kwa sababu muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa maneno ya kumsuta mkeweza ukampelekea mama mkwe.

Kofia nazo. Tuliona mama mmoja ameketi barazani anashona kofia ya mkono, tundu kwa tundu, kila kitundu kinazungushiwa uzi. Kofia nzuri inachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Sisi wenye mashine na overloki tulimtazama vidole tukaona haya. Zamani, tuliambiwa, mke mpya alimshonea mumewe. Tukamuuliza anauza wapi, akasema anampelekea mwenye duka. Tukamuuliza bei ya dukani, hakuijua. Mtaa wa pili tukaikuta kofia kama yake, na bei yake hatutaiandika, ilitutia hasira.

Kuna mji wa bandari huko Vietnam unaitwa Hoi An, jirani na jiji la pwani la Da Nang. UNESCO waliuandika mwaka 1999, mwaka mmoja tu kabla yenu. Ni mji wa kale wa wafanyabiashara, Wachina na Wajapani na wenyeji, kama wenu ulivyo wa Waarabu, Wahindi na Waswahili. Mgeni akienda Hoi An, jambo mojawapo analoambiwa mapema ni hili: pimwa nguo. Mafundi wapo kila mtaa, unachagua kitambaa leo, unajaribu kesho, unaondoka na nguo iliyokukaa. Cherehani pale ni kivutio sawa na mahekalu na taa zao za karatasi. Tuliisikia habari hii tukaulizana, kwa nini Mji Mkongwe mgeni anauziwa sumaku ya kubandika kwenye friji, na mwenye sindano yuko ndani hajulikani? Bibi harusi wa Kiislamu angefurahi kiasi gani kukaa kwenye ua wa mama wa Malindi akipimwa baibui la fungate yake, akinywa kahawa, ushungi ameuvua kwa sababu wote ni wanawake? Angelipa. Tunawajua wateja wetu, wangelipa, na hela ingeingia mkononi mwa mwanamke mwenyewe.

Nje ya mji tulikwenda sehemu 2 tu. Moja ni Kizimkazi Dimbani, kusini kabisa. Msikiti wake ukiuona kwa mbali una paa la bati, unaweza ukaupita. Ndani kwenye mihrabu kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Zaidi ya miaka 900. Tuliingia kwa ruhusa, si wakati wa Swala, na tukatoa sadaka. Hatuna namna ya kueleza. Kijijini kwetu tunaambiwa Uislamu umeletwa jana na wenye maduka, na huku mtu wa pwani hii alikuwa anamchongea Mola wake jiwe kabla babu yetu yeyote tunayemjua kwa jina hajazaliwa. Walioko nje walikuwa wanatuharakisha tuwahi boti ya kuwatazama pomboo. Hatukwenda. Tuliona boti zinavyowafukuza wale wanyama, 5 au 6 kwa pomboo mmoja, na kama huo ndio utalii, basi waachwe wapumzike.

Nyingine ni Paje, kuwaona kina mama wa mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, na kimebaki kuwa cha wanawake. Maji yakitoka wanaingia, wanafunga vipande kwenye kamba, wanainama saa nyingi. Maji ya bahari yamezidi kuwa ya moto, mwani unakufa, wengine wamegeukia kutengeneza sabuni na mafuta ya kupaka. Nunueni sabuni hizo kwa wingi, zinafaa kwa zawadi za harusi. Na kuhusu kuogelea, mtu asitudhanie tunalikataa. Maji yakijaa asubuhi na mapema pale kwenye fukwe za vijijini, mbali na mahoteli, tuliingia na nguo zetu tulizoshona wenyewe, suruali pana na kanzu fupi ya kitambaa kisichonata, na mwanamke wa Kinyiramba ambaye hajawahi kuona maji mengi kuliko Ziwa Singidani alielea kama kifuu cha nazi.

Forodhani jioni ni lazima, ila kwa macho zaidi kuliko kwa tumbo. Bustani ile ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009 na inapendeza, vijana wanarukia baharini, juisi ya miwa ni nzuri. Uliza bei kabla mshikaki haujaingia motoni. Urojo tuliokula mchana kwa mama mmoja kwenye kichochoro, kwa bei ya robo, bado tunaugombania kwenye maongezi.

Sasa na sisi wa bara tujiseme. Tunakuja na nguo za kubana tukidhani kisiwa ni disko. Tunakula mchana barabarani Mwezi wa Ramadhani. Tunapiga picha watu bila salamu. Tunamwita kila mwanamke wa visiwani "mama wa mapishi". Mabibi harusi wetu wanaijua orodha ya hoteli na hawajui kuuliza kibla. Hayo tunayashughulikia huku kwetu, siku ya kupima nguo, wakati hawana pa kukimbilia.

Lakini na ninyi tusaidieni. Anayejua nyumba yenye chumba safi cha kupangisha ndani ya mji, yenye mwenyeji mwanamke, bila pombe na bila bwawa, isiyo ya bei ya dola, aijulishe misikiti na vikundi vya bara, wateja wapo. Mabinti wenu wanaoujua mji kama yule mwalimu wa madrasa wapewe leseni ya kutembeza wageni, wasikae nyuma wakati kijana asiyejua pa kuswalia wanawake anachukua hela.

Inshallah mwezi wa Mfungo Mosi tunaye bibi harusi mwingine anayekuja. Usiku 5, wote ndani ya mji, isipokuwa siku moja ya Kizimkazi. Mumewe alikuwa ameshalipia nusu kwenye hoteli ya bembea, tukamshawishi akaomba arudishiwe, wakamrudishia pungufu, akakubali. Mama yake bibi harusi alikuja dukani wiki iliyopita, hana furaha, anauliza ndugu watawekewa picha gani. Tukampimia kitambaa cha abaya yenye nakshi ya mlango kifuani. Akaishika, akaigeuza, akatazama upindo kwa ndani kama wanavyofanya wanaojua, kisha akauliza kama na yeye anaweza kushonewa ya rangi ya samawati.